PLC iko RUN, haina taa nyekundu, ila laini inazima yenyewe mchana. Mnaanzia wapi?

#1 FundiZamu
Habari zenu wakuu.

Nipo kiwanda cha maji ya chupa huku Kanda ya Ziwa, upande wa matengenezo. Mota, kontakta, stadelta, hivyo sina shida navyo. PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, ndiyo naanza kujifunza, na aliyeifunga mashine alishaondoka. Funguo ya paneli na laptopu nimeachiwa mimi.

Tatizo: laini ya kujazia inasimama yenyewe, hasa kuanzia saa saba mchana mpaka kama saa kumi. Mota ya mkanda na pampu vinakata kwa pamoja. Skrini haitoi ujumbe wowote. PLC ni S7-1200 ya Siemens, CPU 1214C, inabaki RUN (inaendesha programu) na taa ya kijani imetulia. Opareta akibonyeza Start kazi inaendelea. Asubuhi inapiga kazi mfululizo bila kusumbua.

Programu ninayo, haina pasiwedi. Masharti ya laini kutembea ni haya (I ni inputi, yaani mlango wa ishara kuingia PLC):
I0.1 Stop, I0.2 kitufe cha dharura, I0.3 swichi ya mlango wa filla (mashine ya kujazia), I0.4 ovalodi (kinga ya mota kuzidiwa), I0.5 fotoseli ya chupa kujaa mbele, I0.6 presha ya hewa.

Nimekaa na laptopu onlaini nikiangalia lada (programu iliyochorwa kama mchoro wa rilei), ila ikizima nakuta kila kitu kipo kijani isipokuwa mota. Ninyi mkikutana na kitu kama hiki mnaanzia wapi? Na mtu wa umeme kama mimi ajifunze vipi hii kazi mpaka aielewe?

#2 Kibisibisi
Uzi mzuri. Nimekaa hapa pembeni nasubiri wajuzi.

#3 MzeeWaKontakta
FundiZamu, kwanza ondoa wasiwasi kwamba PLC imechanganyikiwa. Ikiwa RUN na imezima mota, maana yake imetii. Kuna sharti moja limeanguka, likarudi kabla hujageuza macho. Ile Start yako inajishikilia yenyewe kwenye programu, sawa na kontakta inavyojishika kwa kontakti yake saidizi ya 13-14. Sharti likikatika kidogo tu, mshiko unaachia, na hata sharti likirudi mota hairudi mpaka mtu abonyeze. Ndiyo maana ukifika unakuta kijani kote.

Mimi naanzia kwenye waya. Chukua bisbisi, zima umeme, kaza terminali zote za inputi, kisha vuta kila waya mmoja mmoja kwa mkono. Utashangaa wangapi wamebana ganda badala ya shaba. Halafu fuata kebo ya mlango wa filla. Mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku, kebo inakunjika sehemu ileile, shaba inakatika ndani na ganda liko zima. Joto la mchana likiongezeka, inaachia.

#4 MangiVolti
Mzee namheshimu ila saa saba mpaka saa kumi ni umeme. Muda huo voltaji inashuka maeneo mengi yenye viwanda. Pawasaplai ya 24V ikiwa imechoka, kapasita zimekauka kwa joto la paneli, ikipata voltaji pungufu inayumba. Na kama una rilei ya kulinda fezi imefungwa mfululizo na kontakta, hiyo itakata bila hata PLC kujua.

#5 BintiPaneli
MangiVolti, rilei ya fezi ingekata kontakta bila PLC kujua, basi autiputi ya PLC ingebaki inawaka. FundiZamu amesema akifika anakuta mota haipo kijani kwenye lada. Kwa hiyo PLC yenyewe ndiyo imeondoa autiputi. Hapo tuko pamoja na Mzee.

Ila hoja ya 24V isitupwe. FundiZamu, nenda onlaini ufungue bafa ya dayagnostiki ya CPU, yaani kumbukumbu ya matukio yake. Kama umeme wa CPU unakatika, utaona imejiwasha upya mchana. Kama huoni, CPU haijapoteza umeme, lakini sensa zinaweza kuwa zimepoteza! Inputi ya S7-1200 inahesabiwa 1 kuanzia volti 15 kwenda juu. Volti zikishuka chini ya hapo hakuna uhakika tena, na zikifika 5 ni sifuri kamili.

Sasa angalia sensa zako zinakula wapi. Zile terminali mbili za L+ (24V) na M (volti 0) upande wa inputi ni pawasaplai ndogo iliyo ndani ya CPU yenyewe, na kwenye 1214C inatoa miliampia 400 tu. Mafundi wengi wanaongeza sensa juu ya sensa hapo, kisha mtu anapachika na taa ya mnara. Jumlisha mahitaji yote uone.

#6 Chomelea
Mnazunguka sana. Jampa huo mlango, I0.3 ipewe 24V moja kwa moja, kazi iendelee. Ikiacha kuzima umepata mchawi.

#7 MzeeWaKontakta
Chomelea, hapana. Filla inazunguka na opareta ana mazoea ya kuingiza mkono kunyanyua chupa iliyolala. Ile swichi ndiyo inalinda vidole vyake. Kujampa ulinzi wakati uzalishaji unaendelea hakuna fundi anayejiheshimu anafanya. Unataka kuthibitisha swichi? Badilisha swichi, au badilisha kebo. Ulinzi ubaki.

Na FundiZamu, hakikisha kitufe cha dharura kinakata kontakta kwa waya, kupitia rilei ya usalama, siyo kwa kuingia I0.2 peke yake. PLC ya kawaida ipewe taarifa tu kwamba dharura imebonyezwa.

#8 Chomelea
Sawa mzee, nilimaanisha dakika tano za kupima tu.

#9 BintiPaneli
Hata dakika tano.

#10 InvetaNaMimi
Hakuna aliyeuliza kuhusu inveta, kile kifaa cha kubadili kasi ya mota? Mkanda unaendeshwa na inveta nina uhakika. Kebo ya mota kutoka inveta ikipita trei moja na waya za sensa, na haina wavu wa kinga uliofungwa athi, kelele inaruka. Nimeona mashine inazima kila mota ikipunguza kasi. Mchana huenda wanapunguza kasi. Tenganisha kebo, funga wavu athi, na solenoidi zote za 24V weka dayodi kwenye koili. Koili ikiachiwa inarusha voltaji kubwa ya kinyume, na hiyo inapita kila mahali.

#11 BintiPaneli
Dayodi naunga mkono kabisa. Ila kelele ya inveta kuangusha inputi ya dijitali ya 1214C ina kikwazo kimoja. Kila inputi ina kichujio, na kiwandani kinakuja kimewekwa milisekunde 6.4. Mkato mfupi kuliko huo CPU hauoni. Kelele ya inveta ni ya maikrosekunde. Waya uliolegea unaweza kukata milisekunde 20 au 50, huo unapita vizuri tu.

#12 InvetaNaMimi
Labda aliyefunga alishusha kichujio. Watu wanaohesabu chupa kwa kasi wanashusha mpaka chini kabisa, na wengine wanashusha zote badala ya ile moja. Aangalie mipangilio ya kila inputi kwanza ndipo mnifute kwenye orodha.

#13 BintiPaneli
Hiyo ni haki yako. FundiZamu aangalie.

#14 DogoWaVoltage
Samahani naomba kuuliza, nipo mwaka wa pili chuo. FundiZamu kasema I0.1 ni Stop. Kitufe cha Stop ni cha kawaida-kufunga, lakini kwenye programu naona watu wanachora kontakti ya kawaida-wazi. Mbona kinyume?

#15 MzeeWaKontakta
Swali zuri sana dogo. Kontakti ya kwenye lada haichori kitufe, inauliza swali: je, hii inputi ina umeme? Kitufe cha Stop kikiwa hakijabonyezwa kinapitisha 24V, inputi ni 1, kwa hiyo kontakti ya kawaida-wazi inapitisha. Ukikibonyeza, au waya ukikatika, au panya akala kebo, inputi inakuwa 0 na mota inasimama. Ndiyo sababu Stop na dharura hazifungwi kwa kitufe cha kawaida-wazi hata siku moja. Waya ukikatika usingejua mpaka siku ya ajali.

Ukilielewa hili umepiga hatua kubwa. Wengi wanaacha PLC kwa sababu ya hapa.

#16 AthiRiver254
Habarini kutoka Kenya. Hakuna aliyetaja jua? Kama fotoseli inatazama magharibi na kuna dirisha au bati la kupitisha mwanga, kuanzia saa nane jua linaingia moja kwa moja kwenye lenzi. Hapa kwetu fundi alibadilisha fotoseli nzima, tatizo likarudi mchana uliofuata. Aliweka kipande cha bati kama kofia juu yake na ikatulia. Pia lenzi ikiwa na ukungu wa maji baridi ya chupa ni shida hiyohiyo.

#17 TopeNaSaruji
Mzee Kontakta anaongea kama PLC ni ndugu ya kontakta. Hizi ni kompyuta, Wajerumani walizibuni miaka ya 80. Jifunze kuandika kodi za maandishi kama kijana, lada ni ya zamani na inakufa.

#18 MzeeWaKontakta
Ni ndugu kweli, tena wa damu. PLC haikuanzia Ujerumani. Ilianzia Marekani mwaka 1968, Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates huko Massachusetts. General Motors walikuwa wamechoka na paneli za rilei, kila wakibadilisha modeli ya gari wanabomoa waya zote na kufunga upya. Mashine ya kwanza ikaitwa Modicon 084, kwa sababu ulikuwa mradi wa 84 wa kampuni. Na lada ikachaguliwa makusudi ili fundi wa umeme aliyezoea michoro ya rilei aisome bila kurudi shule.

#19 DadaKodi
Nakazia kwa Mzee, na nimsaidie TopeNaSaruji kidogo. Kiwango cha IEC 61131-3 kilitoka 1993 na lada imo mpaka leo, bega kwa bega na maandishi ya ST, michoro ya bloku na SFC (mchoro wa hatua kwa hatua). Iliyopigwa kalamu ya kuachwa ni ile ya maelekezo ya mstari mmoja mmoja, IL. Kwa hesabu ndefu na mapishi ya uzalishaji natumia ST. Kwa kutafuta hitilafu saa nane usiku na meneja amesimama mgongoni, nipe lada inayowaka kijani.

#20 TopeNaSaruji
Nimekuelewa dada. Ila bado nasema kijana ajue ST.

#21 FundiZamu
Asanteni sana, mmenifungua macho. Majibu:

Bafa ya CPU inaonyesha kuwashwa asubuhi tu, mchana hakuna kitu. Kichujio cha inputi zote ni 6.4, hakijaguswa. Sensa zinakula pawasaplai ya nje ya ampia 5, siyo ile ya CPU. Nimeweka mita ya kawaida kwenye 24V ikiwa na MIN/MAX, chini kabisa imesoma 23.6 na laini ilizima wakati mita ipo. Fotoseli inatazama ukuta wa kusini, jua haliipati. Terminali nimekaza zote, mbili zilikuwa zimelegea. Bado inazima.

#22 MangiVolti
Mita ya kawaida haioni mkato wa milisekunde 20, inachukua wastani. Unahitaji osiloskopu au mita yenye kipimo cha piki. Kwa hiyo 23.6 haijanishinda.

#23 BintiPaneli
Kweli. Lakini hana osiloskopu, na hana haja nayo, kwa sababu anayo PLC. Iachie kazi ya kukamata mwizi.

FundiZamu, jicho lako halitawahi. Skrini ya laptopu nayo haiwahi, inachota hali mara chache kwa sekunde wakati CPU inazunguka programu kila baada ya milisekunde chache. Andika mtego: kwa kila sharti weka mstari wake, kwamba kama laini ilikuwa inatembea, na sharti hili limekuwa 0, na bado hakuna aliyeandikwa, basi SETI biti ya sharti hili na ufunge mlango wengine wasiandikwe. Ikizima, unasoma ni nani ameanguka wa kwanza. Kitufe kimoja cha kufuta.

#24 DadaKodi
Wazo sahihi ila mtego huo una tundu. Masharti mawili yakianguka ndani ya mzunguko mmoja, ataandikwa aliye mstari wa juu tu, na wewe utamfukuza yeye peke yake wiki nzima. Kuanguka wawili kwa pamoja ndiyo habari yenyewe, inaelekeza kwenye 24V au M ya pamoja.

Fanya hivi. CPU inasoma inputi zote mwanzoni mwa mzunguko na kuzigandisha, kisha inaendesha programu juu ya picha hiyohiyo mpaka mwisho, halafu ndipo inaandika autiputi. Maana yake mzunguko ule mota inapoachia, picha iliyosababisha bado ipo, haijabadilika. Chini ya mstari wa mota weka kitambua-kushuka cha biti ya mota (kinawaka mzunguko mmoja tu biti inapotoka 1 kwenda 0), na kiendeshe MOVE, yaani amri ya kunakili, ya IW0 (inputi zote kwa pamoja) kwenda kwenye data bloku (eneo la kumbukumbu), pamoja na saa ya CPU. Hapo unapata inputi zote 14 kama zilivyokuwa papo hapo. Weka nafasi kama kumi ili rekodi zisifutane.

Na usisahau: skrini nayo ina Stop yake, ambayo haipiti I0 hata kidogo. Nakili na ile biti. Nimeshaona kioo cha skrini kinachojibonyeza kwa joto.

#25 Kibisibisi
Hii posti ya #24 naiweka kwenye daftari. Kwa sisi tusio na PLC nyumbani tunajaribia wapi?

#26 DadaKodi
TIA Portal, programu ya Siemens ya kuandikia PLC, ina jaribio la siku 21, na kifanizi cha PLCSIM unaendesha bila kifaa. Ukitaka bure kabisa, CODESYS: programu ya kuandikia ni bure, na PLC ya majaribio inayoendeshwa ndani ya kompyuta inajizima kila baada ya saa mbili, unaiwasha tena. OpenPLC nayo ni bure na inakaa kwenye Raspberry Pi. Anza na kitu unachokijua kwa mkono: stadelta, kisha pampu mbili za kupokezana, kisha taa za makutano. Usiruke.

#27 MzeeWaKontakta
Naongeza: kifanizi hakina waya mbovu. Nunua hata PLC kuukuu, vitufe viwili, rilei na pawasaplai, ufunge kwenye ubao. Hitilafu nyingi nilizokutana nazo zilikuwa nje ya PLC: sensa, waya, valvu. Anayejua programu pekee atakaa ofisini akibadilisha mistari ya programu huku sensa imejaa tope.

#28 SoharKikazi
Salaam toka Oman. Huku kwenye mitambo ya kusafisha maji ya bahari tunaishi na analogi zaidi. Dogo wa #14 na wewe FundiZamu msiache 4-20. Kina cha tenki kinaletwa kwa miliampia 4 mpaka 20. Ukiona 0 siyo tenki tupu, ni waya umekatika. Tupu ni 4. Ndiyo uzuri wake. Kwenye Siemens 4 inasomeka 0 na 20 inasomeka 27648. Unaunga tu kwenye zile inputi mbili za analogi za CPU unaanza mazoezi.

#29 BintiPaneli
Kaka, zile mbili za 1214C ni za volti 0 mpaka 10, hazipokei miliampia. Unahitaji moduli ya analogi ya kuongeza, au uweke rezista ya omu 500 upate volti 2 mpaka 10 kisha urekebishe hesabu kwenye programu.

#30 SoharKikazi
Sahihi, huku tunatumia moduli za nje muda wote. Shukrani.

#31 DogoWaVoltage
Oman wanachukua fundi wa PLC asiye na digrii?

#32 SoharKikazi
Njoo na uzoefu wa kiwandani na Kiingereza cha kusoma michoro. Usimlipe wakala kabla hujaona mkataba. Mengine fungua uzi wake, tusimvurugie mwenzetu.

#33 FundiZamu
Wakuu nimerudi. Mtego wa DadaKodi umeandika. Rekodi ya kwanza, saa nane kasoro: I0.3 ya mlango ni 0, nyingine zote ziko sawa. Rekodi ya pili, saa tisa na nusu: I0.6 ya presha ya hewa ni 0, na I0.3 safari hii ni 1. Biti ya Stop ya skrini haijaguswa kote kuwili. Opareta anaapa mlango haukufunguliwa. Sasa nimebaki njia panda, ni hitilafu mbili au moja?

#34 MangiVolti
Mbili. Presha ni kweli imeshuka, kompresa ni ya kiwanda kizima na mchana idara nyingine wanavuta hewa. Angalia geji muda huo, na swichi ya presha imewekwa ikate kwenye baa ngapi.

#35 AthiRiver254
Na mlango nao ni swichi ya sumaku bila shaka. Mtetemo ukisogeza kifuniko milimita chache inaachia bila mlango kufunguka. Angalia umbali kati ya sumaku na swichi.

#36 MzeeWaKontakta
Mimi bado nasema moja. FundiZamu, hizo kebo mbili zinapita kwenye kisanduku kimoja cha maungio kabla ya kufika paneli? Na ni saa ngapi mnaosha sakafu?

#37 FundiZamu
Mzee! Zote mbili zinapita kisanduku kilichopo chini ya filla. Na wanaosha kwa mpira wa maji baada ya chakula cha mchana, saa saba.

#38 BintiPaneli
Maji yanafanana na jibu, lakini I0.2 ya dharura ya upande wa filla inapita wapi? Kama nayo iko kwenye kisanduku hicho na haijawahi kuanguka, inabidi tueleze kwa nini. Na unyevu kati ya terminali kwa kawaida unavujisha umeme, unaweza kuiinua inputi iliyo 0. Kuiangusha iliyo 1 kunahitaji waya ukatike, au ulikaji wa muda mrefu kwenye skurubu.

#39 MzeeWaKontakta
Ulikaji ndio ninaousema. Maji ya kila siku kwa miaka.

#40 FundiZamu
Ya dharura inapita humohumo. Jumapili laini imelala, nafungua kisanduku nione skurubu. Wakati huo nimeshamwomba opareta aandike usomaji wa geji ya hewa kila nusu saa kuanzia kesho, na swichi ya mlango nimeiagiza nyingine. Mtego nauacha unaandika.

#41 MangiVolti
Saa za rekodi ulinganishe na za geji. Presha ikiwa imeshuka saa tisa na nusu, kisanduku cha Mzee kinabaki na mlango peke yake.

#42 DogoWaVoltage
DadaKodi, kitambua-kushuka kwenye CODESYS ndicho F_TRIG? Nimejaribu mtego, unaandika kila mzunguko badala ya mara moja.

#43 DadaKodi
Ndicho. Inaelekea unaendesha MOVE kwa CLK (ishara inayoingia) badala ya Q (jibu linalotoka). Weka picha ya mstari wako hapa tuone.